Kabla ya Kumkabidhi Mkandarasi Paa la Zege

Wajenzi wa kale wa Unguja na Lamu walijua ya kuwa paa bapa halitaki mzaha, ndiyo maana walipanga boriti za mikoko, wakatandaza juu yake mawe ya matumbawe na chokaa, kisha wakaiponda chokaa hiyo kwa vibao siku baada ya siku hata ikashikamana. Na pamoja na juhudi zote hizo, mapaa mengi ya Mji Mkongwe yaliishia kufunikwa mabati ya mteremko, kwa kuwa mvua ya masika haipigi hodi. Leo, Dar es Salaam, mwenye nyumba humimina zege juu ya nondo akadhani amemaliza, ilhali zege lina vinyweleo, hupata nyufa kwa joto la mchana na ubaridi wa usiku, na maji yakishapata upenyo huzila nondo kwa kutu, yakaja kutona sebuleni mbali kabisa na pale yalipoingilia.

Basi anayetafuta mtu wa kulitengeneza paa kama hilo na aanze kwa kuuliza hati. Tanzania Bara, Sheria Na. 17 ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na asiyesajiliwa nayo hana ruhusa ya kufanya kazi ya ukandarasi. Makandarasi wa majengo wana madaraja 7, la kwanza likiwa la juu, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi, ama wale makandarasi maalumu husajiliwa kwa fani zao. Wenzetu wa Kenya wana Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011. Leseni ya biashara pekee haitoshi, na kwa kuwa ipo tabia mbaya ya kuazimana vyeti, sharti jina lililo kwenye cheti liwe ndilo lililo kwenye mkataba na kwenye akaunti ya benki, na usajili wenyewe uthibitishwe kwa Bodi, wala si kwa nakala iliyokunjwa mfukoni. Waama, mtaani wapo mafundi wasio na cheti ambao mikono yao inawashinda wengi wenye nacho. Ila siku paa litakapovuja tena, fundi huyo ni vigumu kumwajibisha.

Hata hivyo, cheti hakisemi kama mtu ameyazoea maji. Hayo huonekana akipanda juu. Mjuzi hatazami kwanza pale panapotona, bali hutafuta zile duara za vumbi jeupe zilizoachwa na madimbwi yaliyokauka, hupapasa kona ambako zege linakutana na ukuta wa kuzunguka, huangalia bomba la tanki lilipotobolea na mdomo wa mtaro ulioziba majani. Atapima mteremko, ambao kwa uchache ushuke sentimita 1 kwa kila sentimita 80, na wasanifu waangalifu hulenga 40 wakijua kazi ya mkono hupungua. Tena atataka tabaka la lami la kuzuia maji lipande ukutani takriban sentimita 15. Anayetaja bei ya rangi ya kuzuia maji kabla hajapanda ngazi, mimi ningemshukuru nikamfungulia mlango.

Jambo moja liandikwe katika mkataba mapema, maana likisemwa baadaye huleta ugomvi: kazi ikiisha, midomo ya mitaro izibwe, paa lijazwe maji ya sentimita 3 hivi, yaachwe saa 24 au zaidi, na watu wakague dari chumba kwa chumba. Kina hicho ni kilo 30 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo zege kuukuu lenye nondo zilizochomoza lionwe na mhandisi kwanza. Sehemu ya ujira, aghalabu moja ya kumi, izuiliwe hata masika yapite, na dhamana ieleze wazi kama ni ya kiwanda kilichotengeneza lami au ni ya mkandarasi aliyeitandika, kwani kiwanda hakijibu kwa kona iliyounganishwa vibaya.