Filamu Zitokanazo na Michezo ya Video: Nani Hulipwa Kwanza

Filamu inayotokana na mchezo wa video ni biashara ya haki kabla haijawa biashara ya tiketi. Mwenye mchezo hauzi jina lake, hulikodisha. Mtayarishaji wa filamu hulipa ada ya kushikilia haki kwa muda maalumu, na muda huo ukiisha kabla kamera haijawashwa, haki hurudi kwa mwenyewe na ada hairudishwi. Ndiyo maana michezo mikubwa hutangazwa kuwa filamu, ikasahaulika, kisha ikatangazwa upya na mtayarishaji mwingine. Filamu yenyewe inaweza isiwepo, lakini mwenye mchezo ameshalipwa zaidi ya mara moja.

Zamani mwenye mchezo alichukua ada na mrahaba wake akakaa pembeni. Utaratibu huo ulimgharimu heshima zaidi ya fedha. Super Mario Bros. ya mwaka 1993, iliyoigizwa na watu halisi kwa gharama iliyozidi dola milioni 40, ilipata takriban nusu ya fedha hizo katika majumba ya sinema ya Marekani, na wahusika wake hawakurudi sinema kwa miaka 30. Waliporudi mwaka 2023, safari hii katika katuni, filamu ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.3. Siku hizi wenye michezo huingia kama washirika: huweka sehemu ya mtaji, husoma mswada ukurasa kwa ukurasa, na hudai kauli ya mwisho kuhusu sura na mavazi ya wahusika. Wanao uwezo wa kustahimili hasara ambayo mtayarishaji hawezi kuistahimili, kwa sababu filamu kwao ni tangazo pia. Mfululizo wa televisheni wa Fallout, uliotoka mwaka 2024 na ambao sehemu yake ilipigwa picha Namibia, uliirudisha kwenye orodha za mauzo michezo iliyokuwa na umri wa karibu muongo mzima.

Kati ya filamu hizi, tawi la mapanga, majoka na uchawi ndilo ghali kuliko yote. Filamu ya ngumi huhitaji waigizaji wenye mazoezi na mahali pa kupigania. Mortal Kombat ya mwaka 1995, iliyopigwa kwa sehemu Thailand, iligharimu takriban dola milioni 20 na ikakusanya zaidi ya milioni 120 duniani. Ulimwengu wa kubuni hauna mahali pa kukodi ukiwa tayari. Silaha, ngome, wanyama na hata anga lake hutengenezwa, na sehemu kubwa ya utengenezaji huo hufanyika kwenye kompyuta kwa miezi mingi baada ya waigizaji kwenda nyumbani.

Warcraft ya mwaka 2016 ni mfano unaofaa kuchunguzwa kwa hesabu. Iligharimu kiasi cha dola milioni 160, na majitu yake yote yalichorwa juu ya mienendo ya waigizaji walionaswa kwa vihisi. Ilikusanya karibu dola milioni 439, kiasi ambacho wakati huo hakuna filamu ya mchezo wa video iliyokuwa imekifikia. Msomaji wa ukurasa wa burudani angesema imefaulu. Lakini Marekani ilichangia milioni 47 tu, na karibu nusu ya mapato yote ilitoka China, ambako filamu ya kigeni inayoingia kwa mkataba wa kugawana mapato hurudisha kwa mwenyewe takriban robo ya bei ya tiketi. Marekani hurudisha karibu nusu. Ukiondoa fungu la majumba ya sinema, kisha gharama za matangazo, ambazo kwa filamu ya kiwango hicho zinaweza kukaribia gharama za utengenezaji, hesabu hubadilika kabisa. Hadi sasa hakuna sehemu ya pili.

Kwa kuwa tiketi hazitabiriki, watayarishaji hutafuta fedha zisizotegemea mtazamaji, na fedha hizo hutoka serikalini. Ujerumani ilitoa mfano uliopindukia. Hadi mwisho wa mwaka 2005 sheria yake iliwaruhusu wawekezaji wa mifuko ya filamu kuondoa mtaji wao wote kwenye mapato yanayotozwa kodi, hata kama filamu ilipigwa nje na kusimulia habari zisizohusiana na Ujerumani. Mlolongo wa filamu za michezo ya video uliota katika kivuli hicho, mojawapo ikiwa In the Name of the King, iliyotokana na mchezo wa Dungeon Siege. Iligharimu takriban dola milioni 60 na kupata chini ya milioni 15. Mwekezaji aliyekwisha kupunguziwa kodi hakuumia kama takwimu hizo zinavyoonyesha. Aliyeumia ni mlipakodi, na hakuulizwa.

Mfumo uliochukua nafasi yake ni wa marejesho: nchi humrudishia mtayarishaji sehemu ya kila anachotumia ndani ya mipaka yake. Hungary na Moroko hutoa asilimia 30, Australia nayo imepandisha kiwango chake hadi 30, na Afrika Kusini hutoa 25 kwa filamu za kigeni. Mtayarishaji hapati fedha hizo mkononi anapoanza kazi. Huzikopa benki kwa dhamana ya ahadi ya serikali, kisha husubiri wakaguzi wa hesabu wapitie risiti. Serikali ikichelewa, riba huyala marejesho yenyewe. Afrika Kusini malalamiko ya kuchelewa yamekuwapo kwa miaka, na mwaka 2025 watu wa filamu waliandamana hadi bungeni Cape Town kudai malipo.

Monster Hunter ya mwaka 2020 inaonyesha jinsi fedha zinavyotawanyika. Mchezo ni wa Kijapani. Mtaji ulitoka Japani, Ujerumani na China. Waigizaji wakuu walitoka Marekani na Thailand. Jangwa analozama askari wa kike katika sehemu ya kwanza ya filamu ni Namibia, kwenye matuta ya mchanga ya Sesriem na miamba ya Spitzkoppe, na kambi kuu ya kazi ilikuwa Cape Town, mwishoni mwa mwaka 2018. Mazimwi yanayoibuka mchangani humo yalichorwa Kanada. Bajeti ilikuwa takriban dola milioni 60. Mauzo ya tiketi hayakufika milioni 50. Filamu ilitoka wakati wa korona, na China iliiondoa mara tu ilipoanza kuonyeshwa kwa sababu ya mzaha mmoja uliochukuliwa kuwa wa kibaguzi. Aliyekodisha magari Namibia alimaliza kazi yake miaka miwili kabla ya hasara hiyo kujulikana. Katika biashara hii mtoa huduma hana fungu katika faida, na hapaswi kuwa na fungu katika hasara, mradi amelipwa kwa wakati.

Afrika Mashariki iliingia katika orodha hii mapema. Sehemu ya pili ya filamu za Lara Croft, The Cradle of Life ya mwaka 2003, inamalizia hadithi yake katika nchi ya Mlima Kilimanjaro, na baadhi ya picha zake zilipigwa Kenya, katika hifadhi za Amboseli na Hell's Gate. Bajeti ilikuwa karibu dola milioni 95. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikufika Afrika. Studio zilikuwa Uingereza, na hata kijiji cha China kinachoonekana kwenye filamu kilijengwa Wales. Kenya ilitoa tambarare, mwanga na watu wa kijijini, kisha kikosi cha filamu kikaondoka.

Mfanyabiashara mmoja wa Nairobi, ambaye kazi yake ni kuvitafutia vikosi vya kigeni maeneo, magari, vibali na vibarua, anasema mambo hayajabadilika sana tangu wakati ule. Lalamiko lake la kwanza halihusu kodi. Linahusu makadirio ya bei. Mtayarishaji wa ng'ambo huandika barua akiomba gharama za wiki mbili za kazi. Mfanyabiashara huyo hutafuta magari, huzungumza na wenye ardhi, huenda mwenyewe na mpiga picha hadi Magadi au Samburu, hulala huko, hurudi na picha na jedwali la bei hadi senti ya mwisho. Yote hayo ni kwa gharama yake. Kisha kimya. Baadaye husikia kwamba jedwali lake lilipelekwa Cape Town kutumika kupunguzia bei ya huko. Kwa maelezo yake, safari nyingi za aina hiyo hazijawahi kuzaa kazi, na hakuna anayezifidia.

Lalamiko la pili ni bandari na uwanja wa ndege. Afrika Kusini imo katika mfumo wa kimataifa wa hati moja ya forodha, ambapo kamera huingia na kutoka kwa karatasi ile ile. Nairobi, anasema, masanduku hayo hayo hudaiwa dhamana, orodha, wakala wa forodha na siku za kusubiri, huku kikosi kizima kikiwa hotelini kinakula. Anaongeza kwamba kibali cha filamu chenyewe si tatizo, kwani hutolewa. Tatizo ni kinachofuata: hifadhi ina ada yake, kaunti ina yake, ndege isiyo na rubani ina ofisi yake, barabara ina polisi wake. Hujua kwa uzoefu ni mlango gani uanze kubishwa, lakini hawezi kumwandikia mgeni tarehe ya uhakika, na filamu ya dola milioni 60 hununua tarehe kuliko inavyonunua mandhari.

Madai hayo ni ya upande mmoja na yanahitaji kupimwa hivyo. Mtoa makadirio wa Cape Town naye hupokonywa kazi na Hungary kwa njia ile ile, na Hungary hupokonywa na Australia. Hata hivyo lalamiko la makadirio yasiyolipwa lina uzito ambao hotuba za kukaribisha filamu haziugusi, kwa sababu linahusu nani anabeba gharama za kutafuta soko.

Maafisa wa serikali kila mahali huzitetea filamu za kigeni kwa hoja mbili, ajira na utalii. Hesabu za ajira hukusanywa kwa namna ambayo kijana aliyevaa kanzu siku moja nyuma ya mwigizaji anaweza kuhesabiwa sawa na seremala aliyejenga ngome kwa miezi sita. Ripoti ikitoa idadi ya watu bila kutaja siku za kazi na mishahara, haisemi mengi. Hoja ya utalii ina ushahidi, ila si wa kila mahali. Hekalu la Ta Prohm huko Angkor, Kambodia, ambako sehemu ya kwanza ya Lara Croft ilipigwa picha, hadi leo huitwa na waongoza watalii kwa jina la filamu hiyo. Amboseli ilikuwa na tembo wake na Kilimanjaro nyuma yao muda mrefu kabla ya mwaka 2003, na ni vigumu kumtenga mgeni aliyeletwa na filamu na aliyeletwa na tembo. Namibia na Afrika Kusini zinakabiliwa na ugumu mwingine: jangwa la Monster Hunter katika hadithi si Namibia, ni ulimwengu mwingine kabisa, na mtazamaji haambiwi aende wapi.

Watazamaji wa Kiswahili ni wengi katika biashara hii na hawaonekani katika vitabu vyake. Mortal Kombat na Resident Evil zimezunguka katika vibanda umiza na maduka ya kuuza filamu kwa miaka, nyingi zikiwa na sauti ya DJ anayetafsiri na kuongeza vionjo vyake juu ya mazungumzo. Katika mzunguko huo mwenye haki hapati kitu, wala DJ hana mkataba wa kumlinda. Kuna jambo jingine linalolitofautisha soko hili. Katika vibanda vya gemu mteja hulipia mechi au dakika, hivyo mpira wa miguu na mapigano ndivyo hutawala. Mchezo wa kubuni unaodai saa 60 za kutembea, kukusanya silaha na kusoma maelezo hauingii katika malipo ya namna hiyo. Matokeo yake ni kwamba filamu huuzwa huku kwa nguvu yake yenyewe, bila mashabiki wa mchezo kuibeba, na nguvu hiyo filamu nyingi za aina hii hazina.

Kuhusu yajayo, dalili zinavutana. A Minecraft Movie ya mwaka 2025, yenye waigizaji halisi na iliyopigwa New Zealand, ilikusanya zaidi ya dola milioni 900, na studio haziwezi kupuuza kiasi hicho. Mwaka mmoja kabla, Borderlands, iliyopigwa Hungary kwa gharama iliyozidi dola milioni 100, ilipata takriban milioni 33, na marejesho ya kodi hayakuiokoa. The Legend of Zelda, iliyotangazwa mwaka 2023, inangojewa kama kipimo cha tawi la mapanga na uchawi, ingawa filamu moja haijawahi kutosha kutabiri inayofuata. Tishio la ushuru wa asilimia 100 kwa filamu zinazotengenezwa nje, lililotolewa Marekani mwaka 2025, likitekelezwa litavuruga hesabu za kila nchi inayotoa marejesho, na kwa sasa hakuna aliyeeleza ushuru huo ungetozwaje kwa filamu yenye mtaji wa nchi nne.

Kwa watoa huduma wa Nairobi mabadiliko yaliyo mikononi mwao ni ya masharti tu. Mfanyabiashara yule anasema sasa haendi kukagua maeneo kabla ya kulipwa ada ya ukaguzi, ambayo hupunguzwa kwenye bili kazi ikipatikana. Baadhi ya watayarishaji wameikubali. Wengine hawakujibu, na hajui kama walikwenda kwingine kwa sababu hiyo au wangekwenda vyovyote vile.