Konokono wa Mabondeni na Ini la Ng'ombe

Mkulima wa Kisii au Nyamira ambaye ng'ombe wake hukaa zizini mchana na usiku, akiletewa majani, hushangaa sana akiambiwa na mkaguzi wa nyama kwamba ini la ng'ombe huyo halifai kuliwa kwa kuwa limejaa minyoo. Ng'ombe hakufika bondeni hata siku moja. Lakini bonde lilimfuata zizini: majani yake yalikatwa kando ya kijito, na juu yake walikuwamo watoto wa minyoo, wadogo kuliko punje ya chumvi. Aliyewatoa ni konokono, na konokono huyo hutambulikana kwa gamba lake.

Mnyoo wa ini ana umbo la jani. Yule wa nchi zenye joto, ambaye wataalamu humwita Fasciola gigantica, huweza kupita urefu wa sentimita 4. Hutaga mayai katika mifereji ya nyongo, nayo hutoka pamoja na mavi. Yakianguka majini huanguliwa baada ya majuma machache, na mtoto anayetoka hana budi kumpata konokono wa namna yake katika muda wa siku moja hivi, la sivyo hufa. Akimpata, huzaliana ndani yake hata mmoja akawa mamia. Kisha hao hutoka, huogelea, hujibandika katika majani na kujifunika ngozi ngumu, wakingoja mnyama awale. Jambo hili lilifumbuliwa kati ya mwaka 1881 na 1883 na mabwana wawili waliofanya kazi mbalimbali, A. P. Thomas wa Oxford na Rudolf Leuckart wa Leipzig.

Basi konokono ni yupi? Mabonde yana konokono wa namna nyingi, na wengi wao hawana neno na ini la ng'ombe. Mtu avae viatu vya mpira, achote matope na majani ya majini kwa chekecheo lililofungwa katika mti mrefu, wala asiingize mikono mitupu majini. Sababu yake itaonekana sasa hivi.

Gamba lishikwe ncha ikielekea juu na mlango ukimtazama mtu. Mlango ukiwa upande wa kushoto, huyo ni Bulinus, ambaye jamii zake nyingine hueneza kichocho cha mkojo. Gamba lisilo na ncha, bali limejiviringa bapa kama kamba iliyokunjwa chini, ni la Biomphalaria, mwenye kueneza kichocho cha tumbo. Watoto wa kichocho hupenya ngozi ya mtu aliye majini, na ndiyo maana ya onyo lililotangulia.

Mlango ukiwa upande wa kulia, yafaa kutazama zaidi. Yuko mmoja mwenye gamba refu jembamba kama mnara, lenye mizunguko mingi, naye hufunga mlango wake kwa kifuniko kigumu. Huyo aachwe. Anayetafutwa hana kifuniko kabisa. Gamba lake ni jembamba, rangi ya maji ya chai, huvunjika upesi kidoleni. Mzunguko wa mwisho umevimba, na mlango ni mpana hata kuchukua zaidi ya nusu ya urefu wote. Huyu ni Radix natalensis, aliyeandikwa mara ya kwanza na Krauss mwaka 1848. Mkubwa wake hufikia milimita 20 hivi, naye hupenda maji yasiyokauka, yatembeayo polepole.

Katika nchi za juu zenye baridi yuko pia ndugu yake, Galba truncatula, ambaye mara chache hupita milimita 10, yaani kama punje ya mahindi. Mizunguko yake imepandana kama ngazi. Huyu ndiye mjanja zaidi, maana haishi majini hasa bali juu ya tope lenye unyevu, hata katika shimo la ukwato wa ng'ombe, na wakati wa kiangazi hujificha udongoni akingoja mvua. Mnyoo anayemlea ni Fasciola hepatica, mfupi kuliko yule mwingine.

Pengine chekecheo litaleta pia kitu kidogo chenye magamba mawili, ambacho mtu wa pwani angekiita mtoto wa chaza. Hakina hatia katika jambo hili.

Gamba tupu lililopauka laweza kuwa la zamani. Akutwaye hai ndiye shahidi. Mahali alipo, majani ya ng'ombe yakatwe mbali na ukingo, au yakaushwe vizuri juani kabla ya kulishwa, na maji yachotwe yaletwe katika birika, ng'ombe wasishuke mtoni wenyewe.

Ng'ombe aliyekwisha kupata minyoo hukonda, maziwa hupungua, utando wa macho huwa mweupe, na pengine huvimba chini ya taya. Aitwe daktari wa mifugo, kwa sababu dawa nyingine huua minyoo wakubwa tu na kuwaacha wachanga wanaotoboa ini. Naye apewe habari ya tarehe majani ya bondeni yalipoanza kulishwa, kwa kuwa mayai hayaonekani katika mavi mpaka ipite miezi mitatu hivi, na mavi yakipimwa kabla ya hapo yataonekana kuwa safi.