Saa za Kungoja Nazo ni Saa za Kazi

Lori limebeba simenti kutoka Uganda. Limepita mpaka wa Mahagi, ambapo dereva huacha upande wa kushoto wa barabara, ilivyo desturi ya Uganda, akashika upande wa kulia, ilivyo sheria ya Kongo. Tangu alfajiri amengoja mara nne: kwa watu wa forodha, nyuma ya gari lililozama matopeni, kwenye kizuizi cha askari, na tena wakati msafara wa magari ulipokuwa ukipangwa. Jua linapotua yuko Fataki. Simu yalia. Ni tajiri wa lori, yuko Bunia.

“Umefika wapi?”

“Fataki, mzee.”

“Fataki! Siku nzima umefanya nini? Lete gari usiku huu huu. Kesho alfajiri liende Komanda.”

Dereva huyu simpi jina, kwa kuwa nimemkusanya katika madereva wengi. Lakini lile swali la tajiri lastahili kuangaliwa vizuri. Siku nzima umefanya nini? Ugomvi wote umo humo. Tajiri ahesabu saa ambazo magurudumu yalizunguka, kisha aona kwamba mtu wake ana deni la saa zilizopotea, naye ataka zilipwe usiku. Dereva ahesabu saa tangu alipoamka.

Je, sheria yahesabu namna gani? Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, yasema kwamba kazi isizidi muda wa saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma. Wengi wamepata kusikia habari hiyo. Wasiyoisikia ni ile inayofuata: muda wa kazi waanza pale mfanyakazi anapokuwa mahali pa kazi, yu tayari, chini ya amri ya mwajiri wake. Haikuandikwa kwamba gari lazima liwe linakwenda. Mtu aliyekaa saa 5 kwenye kizuizi akilinda mifuko ya simenti ya tajiri hakuwa matembezini. Alikuwa kazini, na saa hizo ni zake.

Ni kweli kwamba Serikali yaweza kuweka taratibu za pekee kwa kazi fulani fulani, na kwamba saa za ziada zaruhusiwa. Lakini zina bei yake. Saa 6 za kwanza zinazopita zile 45 za juma huongezewa 30 kwa mia. Zinazofuata, 60 kwa mia. Na za siku ya mapumziko ya juma, ambayo kwa kawaida ni Dominika, 100 kwa mia. Je, ni madereva wangapi wa Bunia waliopata kuona malipo hayo? Wengi hulipwa kwa safari, na mtu alipwaye kwa safari hujigeukia mwenyewe kuwa msimamizi mkali kupita tajiri. Hilo nalo tulikubali: si kila mara mkubwa ndiye anayemsukuma mdogo. Posho ya safari ya pili husukuma vilevile.

Yafaa kumtendea haki tajiri. Mara nyingi yeye si mtu wa fedha nyingi. Lori amelinunua kwa mkopo, mteja amekwisha lipa nusu, na njiani kila kamba iliyofungwa barabarani ina mtu anayetaka kupewa kitu. Haya yote ni kweli. Lakini deni la tajiri haliwezi kulipwa kwa macho ya dereva.

Maana macho huchoka, hata ya kijana mwenye nguvu. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, walitangaza matokeo ya majaribio yao: mtu aliyekaa macho muda wa saa 17 hutenda kazi za mkono na jicho kama mtu mwenye kiasi cha pombe mwilini ambacho nchi nyingi zamkataza nacho kushika usukani. Dereva wetu wa Fataki aliamka saa kumi alfajiri. Saa tatu usiku atakuwa amefika hapo, naye hajaonja hata tone.

Tena katika Ituri usiku una hatari nyingine, wala si lazima niieleze kirefu kwa watu wa Djugu na Irumu. Tarehe 1 Septemba 2021, mchana, msafara wa magari uliokuwa ukisindikizwa na askari ulishambuliwa kwenye njia ya Komanda kwenda Beni. Magari kadhaa yalichomwa moto na watu wengi wakatekwa. Ikiwa mambo ni hayo mchana, tena pamoja na askari, nani atamwambia dereva kwamba aende peke yake gizani kwa ajili ya simenti?

Basi dereva na akatae. Ni rahisi kuandika neno hili mtu akiwa mezani! Akikataa yeye peke yake, kesho funguo za lori zitakuwa mkononi mwa mwingine, kwa maana vijana wenye leseni wasio na kazi ni wengi mjini. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wenzetu wa nchi jirani waliliona hilo. Katika mwezi wa Aprili na wa Mei 2015 madereva wa Tanzania waligoma, mabasi yakasimama, na moja la madai yao lilikuwa mikataba ya kazi iliyoandikwa. Hata Serikali ikalazimika kukaa nao mezani. Mwaka 2021 madereva wa malori wa Kenya na Uganda, baada ya wenzao kuuawa njiani katika Sudani ya Kusini, walisimamisha magari yao mpakani Elegu wakakataa kwenda Juba mpaka waahidiwe ulinzi. Lori moja lililosimama ni lori bovu tu. Foleni nzima ikisimama, watu huuliza kuna nini.

Hata hivyo umoja bila maandishi hushindwa mbele ya mkaguzi. Katika Ulaya kila lori kubwa lina chombo, takografu, kinachoandika chenyewe saa za kuendesha na saa za kupumzika, na dereva hana ruhusa ya kupita saa 4 na nusu bila kupumzika dakika 45. Katika malori yetu ya Bunia chombo hicho hakihesabu kitu. Lakini daftari la shule na kalamu vyapatikana katika kila duka la soko. Humo na iandikwe: saa ya kuamka, saa ya kuondoka, mahali pa kungoja na muda wake, saa ya simu ya tajiri na amri aliyoitoa. Mwenzi wa gari, yule konvoyeri, atie sahihi yake chini.

Shauri likizidi, mahali pa kwanza pa kulipeleka ni kwa Mkaguzi wa Kazi, ambaye lazima ajaribu kuwapatanisha kabla ya kesi yoyote barazani. Na sheria yasema waziwazi kwamba kumshtaki mwajiri kwa kuvunja sheria si sababu halali ya kumfukuza mtu kazini. Wako watakaofukuzwa hata hivyo, kwa sababu nyingine itakayobuniwa. Ndipo daftari litakapopata kazi yake ya pili.

Papa Leo wa 13, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba kila mapatano ya kazi yana sharti la mapumziko ndani yake, hata lisipotajwa. Hakupata kuiona barabara ya Fataki.

Huko Fataki usiku umekwisha ingia. Dereva amemjibu tajiri kwa adabu kwamba ataondoka kesho kukipambazuka, pamoja na wenzake watatu waliosimama hapo. Konvoyeri aweka mawe chini ya magurudumu. Asubuhi lori laingia Bunia, na tajiri, uso umekunjamana, yuko langoni akihesabu mifuko. Hakuna uliopungua. Kisha auliza tena habari za jana, na dereva amfungulia daftari.