Maunzi na Programu: Kipi Hasa Kimekufa?

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi Oktoba, ofisi za vyama vya msingi vya ushirika katika wilaya za Masasi na Newala huwa na shughuli nyingi. Kilo zilizopimwa na malipo ya kila mkulima huhitaji kuandikwa, na penye kompyuta, kumbukumbu hizo huingizwa humo. Mashine ikigoma siku kama hiyo, kauli inayosikika ni moja: “Kompyuta imekufa.” Kauli hiyo haimwelezi fundi kilichokufa, na mkanganyiko huo unaweza kuugharimu ushirika kazi ya msimu mzima.

Kompyuta ina pande mbili. Upande wa kwanza ni maunzi, yaani sehemu zote zinazoshikika: kibodi, kipanya, skrini, diski, nyaya na kadhalika. Kwa umbo, neno hili linahusiana na kitenzi unda, kama vile mlinzi linavyohusiana na linda, na mpenzi na penda. Katika maana hii halitumiki kwa umoja, na huchukua upatanishi wa ya-: maunzi haya yameharibika.

Upande wa pili ni programu, yaani maagizo yanayoiongoza mashine. Programu haishikiki. Iliyo kuu ni mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux. Nyingine ni za kuandikia barua au kupiga hesabu. Umoja ni programu hii imekwama. Wingi ni programu hizi zimekwama. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mashine ileile iliyozungumza Kiingereza iliweza kuzungumza Kiswahili bila kubadilishiwa hata skrubu moja.

Pamoja na pande hizo kuna data: orodha, barua na hesabu alizoingiza mtumiaji. Data iliyohifadhiwa hukaa kwenye diski, na hubaki humo hata umeme ukikatika. Kazi ambayo haijahifadhiwa imo katika kumbukumbu ya muda, nayo hupotea papo hapo. Wengi huita sehemu zote mbili “memori”, na ndipo mtu anapodhani kuwa kazi yake iko salama kumbe haiko.

Mitaani, kusakinisha upya mfumo endeshi huitwa “kupiga window”. Tiba hiyo huwafaa wagonjwa wa programu tu. Ikiwa kilichoharibika ni kifaa cha kupitisha umeme, kupiga window hakusaidii chochote, ilhali diski inaweza kuwa nzima na orodha za wakulima zimo. Tena, kazi hiyo ikifanywa bila kunakili data kwanza, huweza kufuta kila kilichokuwamo.

Kwa hiyo, badala ya kusema “imekufa”, ni heri kueleza dalili. “Haiwaki kabisa” huelekeza kwenye umeme na maunzi. “Inawaka, lakini inagota kabla ya kufunguka” huweza kuwa tatizo la programu, au la diski yenyewe. Katika hali zote mbili, sentensi ya kwanza kwa fundi iwe hii: “Data imo, inakili kabla hujagusa kitu kingine.”