Kwa Nini Kushuka Mlima Huumiza Misuli Kuliko Kupanda

Mpanda mlima afikapo Kilele cha Uhuru, meta 5,895 juu ya usawa wa bahari, hudhani kwamba kazi ngumu imekwisha. Kumbe njia ya Mweka itamteremsha zaidi ya meta 4,000 katika muda usiozidi siku mbili. Jioni ya kurejea Moshi huwa amechoka tu. Ni asubuhi ya pili yake ndipo mapaja yanapogoma, akalazimika kushuka ngazi kinyumenyume huku ameshikilia ukuta.

Kwa miaka mingi lawama ilielekezwa kwa asidi ya laktiki, na maelezo hayo yangali yakisikika viwanjani. Hayana mashiko. Asidi hiyo huondoka mwilini muda mfupi baada ya mazoezi, ilhali maumivu haya huanza baada ya saa 12 hadi 24 na kufikia ukali wake kati ya siku ya pili na ya tatu. Tena, kama asidi ndiyo chanzo, kupanda ndiko kungeumiza zaidi. Mwaka 1902 Theodore Hough, mtafiti wa Marekani, alikwisha kupendekeza kuwa chanzo ni michaniko midogo ndani ya msuli wenyewe. Wakati wa kupanda, msuli wa mbele wa paja hufanya kazi ukijifupisha. Wakati wa kushuka hufanya kazi ya breki, ukivutwa na kurefuka huku umebeba uzito wa mwili. Nyuzi zake huumia, mwili huanza kuzikarabati, na uvimbe mdogo unaoandamana na ukarabati huo huifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi kuhisi maumivu.

Kwa kawaida hali hii huisha yenyewe ndani ya wiki moja. Kutembea polepole na kukandwa taratibu huleta nafuu. Kujinyoosha viungo, pamoja na sifa zake zote, husaidia kidogo mno. Lenye manufaa zaidi ni maandalizi, kwa kuwa msuli uliokwisha kupitia kazi ya namna hiyo hubaki na kinga kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana mpagazi aliyezoea mlima huteremka na mzigo wake, na kesho yake hachechemei. Mgeni naye angefanya vyema kuzoea kuteremka vilima wiki chache kabla ya safari.

Palipo na hatari ni kwenye vidonge. Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa dukani kama peremende, lakini kwa mtu aliyepungukiwa maji dawa hizo hupunguza damu iendayo kwenye figo. Na iwapo misuli imeharibika kupita kiasi, humwaga damuni protini iitwayo myoglobini, ambayo nayo huziumiza figo hizo hizo. Dalili yake ni mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, misuli kuvimba na kulegea, na maumivu yasiyolingana na kazi iliyofanyika. Mwenye dalili hizo afike hospitalini siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Wenye vinasaba vya selimundu, hata wasio wagonjwa, wako katika hatari kubwa zaidi.

Homa si sehemu ya maumivu ya mazoezi. Anayeumwa mwili mzima na kuchemka apimwe malaria, hata kama jana yake alikimbia.