Mvua na Mwamba Katika Udongo wa Mumias

Mtu achimbapo kisima karibu na Mumias hukuta kwanza udongo mwekundu, kisha mara nyingi tabaka ya muramu, na chini yake udongo wenye mabaka meupe na mekundu. Akiendelea hufikia jiwe lililooza, livunjikalo mkononi. Jiwe hilo ndilo mzazi wa udongo wa juu.

Sehemu kubwa ya mwamba wa huko ni itale, jiwe la namna ya majabali ya Maragoli. Ndani yake mna vitu vitatu hasa: chembe ngumu zing'aazo kama kioo, ambazo mwishowe huwa mchanga, ulanga, na madini yaitwayo feldispa. Hivyo viwili vya mwisho ndivyo ghala ya potasi, ambayo ni chakula cha mimea.

Ufunguo wa ghala hiyo ni mvua. Maji yake huchukua hewa ya kaboni angani na mizizini, yakawa asidi hafifu. Asidi hiyo hugeuza feldispa kuwa udongo wa mfinyanzi na kuiachilia potasi. Kwa kuwa Mumias hupata milimita 1,500 hadi 2,000 za mvua kwa mwaka, chakula kingi huzama na kuchukuliwa na mto Nzoia mpaka ziwa Victoria. Hubaki alumini na chuma, ambacho kutu yake huupa udongo wekundu. Navyo huishika fosfati, hata mahindi yakaikosa.

Je, kosa ni la mvua peke yake? La. Miteremko ya mlima Elgon nayo hupata mvua nyingi, lakini mwamba wake ulitoka katika volkano, nao una kalsiamu nyingi. Kwa hiyo akiba ya udongo wake ni kubwa zaidi. Mwamba huijaza ghala. Mvua huifungua na kuimaliza.

Jambo hili lamhusu sana mkulima. Tangu kiwanda cha sukari kilipoanza kusaga miwa Mumias mwaka 1973, mavuno mengi yameondoa potasi mashambani, na mbolea zenye amonia zimeongeza asidi. Yafaa basi udongo upimwe kabla ya kupanda. Ukionekana una asidi, utiwe chokaa, kama ile ichimbwayo Koru. Tena samadi itumiwe, na majani makavu ya miwa yaachwe shambani bila kuchomwa. Mwamba hufanya udongo mpya, lakini kazi hiyo hupita umri wa mtu na wa wajukuu wake.