Jef Costello Habongangi Sana

Manze, kama hujawahi kucheki Le Samouraï, usiianzie kwa simu. Jean-Pierre Melville aliitoa Ufaransa 1967, na Julai 2024 Criterion wakaidondosha upya kwa diski ya 4K, picha wamesafisha na wasee wa Pathé. Najua kuna mtu anauliza nani bado hununua diski. Swali poa. Lakini hii muvi ni ya kijivu mwanzo mwisho, na kijivu ndiyo huanza kudedi muvi ikifinywa ndio itoshee bando yako.

Cheki vile inaanza. Keja moja Paris, giza-giza, ndege analia kwa tundu. Unadhani hakuna mtu. Mara moshi wa fegi unapanda kutoka kitandani, kumbe Alain Delon amelala hapo kitambo. Kwa kopi mbovu huo moshi utadhani ni skrini yako imechafuka. Kwa diski unaona hadi ukuta vile umechujuka. Henri Decaë ndiye alikuwa nyuma ya kamera, na alijua kunyima macho rangi bila kuyanyima raha.

Karibu dakika kumi hakuna msee anabonga. DJ Afro, yule wa kutafsiri muvi, hapo angejitungia story yake yote, na pengine ingebamba. Delon ndiye Jef Costello, wera yake ni kulipwa adedishe watu. Anavaa koti, anaweka kofia, anapitisha vidole kwa ukingo wake mbele ya kioo, anatoka. Huko nje anaingia Citroën DS ya wenyewe, anatoa rundo la funguo, anajaribu moja, ingine, ingine, uso haubadiliki. Kwangu hiyo ni noma kuliko ndai ishirini zikilipuka.

Melville mwenyewe alikuwa mjanja. Yale maneno yanayoandikwa muvi ikianza, ati ni ya kitabu cha Bushido, alijitungia tu. Studio yake ya Jenner nayo iliungua 1967 wakiwa katikati ya kushuti, na yule ndege akaenda na moto.

Karao ndio hubonga, hasa kamishna anayechezwa na François Périer, na sanse wake wanamwinda Jef kwa treni za chini ya ardhi huku taa zikiwaka kwa ramani. Cathy Rosier, anayecheza mpiga piano wa klabu, anamtazama Jef usoni na kuwaambia makarao si yeye muuaji. Kwa nini? Sisemi, na mwisho pia sisemi. John Woo aliipenda akatupa The Killer, Jim Jarmusch akatupa Ghost Dog. Wamarekani wenyewe waliipata 1972 imewekwa sauti za Kiingereza, imebatizwa The Godson ndio ipande mgongo wa The Godfather. Aibu kidogo.

Delon aliondoka Agosti 18, 2024, miaka 88, diski ikiwa bado mpya madukani. Kama huna mashine ya 4K, usijali, ndani ya boxi kuna Blu-ray pia. Na ule msee wa mbogi yenu hupenda kuuliza "sasa huyu ni nani?" kila dakika, mwache kwao.